Nilivyokula Samaki Mbichi ili Nimkatae Mkwe

Mimi nimeuza samaki miaka arobaini kando ya ziwa, na katika miaka hiyo yote sikutia samaki mbichi mdomoni hata siku moja. Mbichi ni bidhaa. Chakula ni kile kilichopita motoni. Shule niliachia darasa la tatu, lakini hilo sikufundishwa na mwalimu, wala mtu asijaribu kunifundisha kinyume chake leo. Kwa hivyo nikikwambia kwamba Jumamosi moja mchana, hapa Sydney, niliketi ndani ya kasino nikala samaki mbichi kwa hiari yangu, ujue nilikuwa na sababu nzito.

Sababu yenyewe ilikuwa kijana wa Kikongo.

Kitinda mimba wangu ni nesi. Tunaishi naye Toongabbie, mimi na yeye tu, baba yake tulimzika zamani. Jioni moja alikuwa anapiga pasi sare yake, akaniambia bila kuinua macho kwamba kuna mtu. Nikamwuliza mtu gani. Akasema anatoka Kongo ya mashariki, ameishi kambini miaka mingi kabla ya kuletwa huku, sasa anaendesha foklifti kwenye ghala moja Ingleburn.

"Foklifti ni nini?"

"Ni ile mashine ya kuinua mizigo, Mum."

"Nimekusomesha kwa ngege na mbuta, samaki mmoja mmoja, ili uolewe na mtu wa kuinua mizigo?"

"Wewe mwenyewe ulianza kwa kubeba barafu kichwani."

"Nilibeba barafu ili wewe usiolewe na mbeba barafu."

Hapo mazungumzo yakaisha, kwa sababu pasi ilikuwa inaunguza kola.

Kusema kweli, kazi yake si kitu kilichoniudhi zaidi. Kilichoniudhi ni adabu. Mara mbili alimleta binti yangu nyumbani kutoka kazini na hakuingia ndani kunisalimia. Alibaki kwenye gari kama dereva wa teksi. Nilipochungulia dirishani akageuza uso akatazama ua wa jirani. Nikajiambia, mtu asiyeweza kukutazama machoni amekuibia au anajiandaa kukuibia.

Sasa, kwetu kuna jambo ambalo kila mtoto wa ziwa analijua. Mama mkwe na mkwe wake hawali pamoja. Hawawezi kuketi meza moja wakatafuna wakitazamana usoni. Ni heshima, na ni heshima kubwa. Ndiyo maana ukimwona mama wa msichana ameketi na kijana wanakula, wanacheka, wanapitishiana chumvi, usiulize maswali: hapo hakuna ndoa. Yule kijana ni rafiki wa nyumbani tu, na atabaki rafiki wa nyumbani mpaka amzike yule mama.

Kwa hivyo binti aliponiambia kijana anatualika chakula cha mchana, sisi wawili na yeye, mimi nikaona mlango umejifungua wenyewe. Kumkataa kwa maneno nisingeweza. Kwanza hajaleta wazee, na huwezi kukataa ombi ambalo halijaombwa. Pili, binti yangu amesoma, na mtu aliyesoma ukimpa neno moja anakurudishia kumi. Lakini sahani haijibiwi. Ningekwenda, ningeketi naye, ningekula mbele yake mpaka nishibe, na mambo yangeishia hapo.

"Lakini Mum," binti akasema ndani ya treni, "ile mambo ya mkwe na kula, tafadhali tuiache. Huku hakuna anayefuata hiyo."

"Sawa. Nitakula."

"Kweli utakula?"

"Nitakula kila kitu."

Akanikumbatia. Maskini, alidhani nimekubali. Nami sikumsahihisha.

Ilikuwa tumeshavuka Parramatta aliponiambia kwamba chakula chenyewe ni cha Kijapani, samaki, na wanamla mbichi. Kijana aliposikia mimi ni mama wa samaki, akaona anipeleke kwa fundi wa samaki. Alipofika nchi hii kazi yake ya kwanza ilikuwa kuosha vyombo katika jiko hilo, na mpishi mkuu, mzee wa Kijapani, anamfahamu mpaka leo. Nikatazama nje. Wengine wakikataa mkwe wanaandika barua. Mimi ilinibidi nimeze samaki mbichi. Nikasema, na iwe hivyo.

La kasino sikuambiwa mpaka tulipofika mlangoni. Askari akamwomba binti yangu kitambulisho aone kama umri umetosha. Ana miaka thelathini na mbili. Akafurahi hata akamshukuru. Mimi sikuombwa kitu, na nilikuwa na pasipoti yangu mkobani, nimeichomoa tayari.

"Mum, twende."

"Mbona mimi haniulizi?"

"Mum, twende."

Mimi ni mama wa kanisa. Nikavuta kitambaa cha kichwa mpaka kwenye nyusi, nikatembea naona viatu tu. Nikiona viatu vya mtu wa kanisa letu, nilijiambia, yeye ndiye ataanza kueleza. Mle ndani hakuna dirisha wala saa ukutani. Watu wameketi mbele ya mashine za kamari wametulia kama wagonjwa wanaosubiri jina liitwe, na mashine zinaimba zenyewe. Tukapanda ngazi za umeme, kelele ikabaki chini kidogo, tukaingia mahali pa mbao nyeupe na ukimya.

Kijana alikuwa amesimama karibu na kaunta. Suti ya bluu, kiatu kinang'aa. Alipotuona akainama, akatazama sakafu.

"Jambo, mama. Mama amefika salama?" aliuliza, na swali lile aliiuliza sakafu.

"Nimefika. Niko hapa juu."

Binti akanikanyaga.

Meza zilikuwepo, meza nzuri zenye viti laini, lakini yeye alikuwa ameomba tuketi kaunta, pale mpishi anapokatia samaki, wote tumetazama upande mmoja kama watu wako kwenye basi. Mimi nikawekwa mwisho huku, binti katikati, yeye mwisho ule. Nikasema moyoni, tazama, hata uso wake hataki niuone.

Yule mpishi mzee nilimpenda mara moja. Alikuwa na kisu kirefu chembamba na hakuwa na maneno. Mhudumu akatuletea vitambaa vya moto, nikajipangusa uso na shingo, kisha nikamwonyesha mpishi kwa kidole samaki mzima aliyelala kwenye barafu. Akaniletea. Nikainua shavu kwa kidole gumba: jekundu, safi. Nikabonyeza mgongo: ukarudi. Nikatazama jicho: jicho lilikuwa linanitazama vizuri kuliko kijana. Mhudumu alikuwa ameshika mdomo, nadhani wateja hawaruhusiwi kugusa, lakini yule mzee alisubiri nimalize. Nikatikisa kichwa kwamba samaki ni mzuri. Naye akatikisa cha kwake. Miaka arobaini yangu na miaka yake sijui mingapi, tukasalimiana hivyo.

Akakata. Kipande cha kwanza kikawekwa mbele yangu juu ya kidonge cha wali. Kijana akasema, akiongea na binti lakini kwa sauti ya kunifikia:

"Ambia mama akule. Ile samaki iko muzuri sana. Mama asiogope."

Kuogopa! Nikakishika kwa vidole, nikakitia mdomoni, nikafumba macho, nikameza. Kilishuka kama kitu kilicho hai bado kinachotafuta maji. Nikafumbua macho, nikashusha pumzi. Moja kwisha. Nikamtazama binti kwa uso wa ushindi, naye akanirudishia tabasamu la furaha, na moyo ukaniuma kidogo, lakini uamuzi ni uamuzi.

Cha pili kilikuwa chekundu, na binti alinionya nisitie ile dawa ya kijani, pilipili yao. Nikaitia. Sitaki kusema zaidi. Ilipanda puani ikafika mahali ambapo kumbukumbu zangu za utotoni zilikuwa zimelala, ikaziamsha zote. Machozi yakanitoka. Kijana akasema, bado anatazama ukuta, "Mama analia? Uliza mama kama kuna kitu inamuumiza."

"Mwambie hakuna kitu," nikasema. "Mwambie nakula."

Ni wakati ule napangusa machozi ndipo nilianza kumwangalia binti yangu. Mimi nilikuwa nimekula viwili. Yeye alikuwa ameshakula vinne na shavu la kushoto limevimba. Mpishi akaweka vitatu vingine, kimoja kwa kila mtu. Mimi nikachukua changu. Nikageuka kumtazama binti: cha kwake kimeshaingia, na mbele yake kipo kingine, na mkono unakifuata. Mtoto huyu tangu utotoni hula kama ndege. Nesi, jioni anakula nusu ndizi na kulala. Sasa anameza samaki mbichi mara mbili yangu, jasho linamtoka, na hasemi kitu.

Mimi nimezaa watoto wanne. Nikajua ninachokiona. Kipande cha tatu kilikuwa mdomoni mwangu, lakini swali likapita pembeni yake.

"Wewe. Una mimba?"

Nilidhani nimenong'ona. Kisu cha mpishi kikasimama. Kijana akakohoa mpaka akashika kaunta. Binti akageuka, uso wote umewaka, mdomo umejaa wali.

"Mum! Sina mimba! Ni yeye hali!"

"Nani hali?"

"Huyu! Tangu tuketi hajala hata punje. Kila kikiwekwa ananisukumia mimi. Anasema hawezi kula mama akiwa hapo, kwao ni mwiko. Nimemwambia hiyo imeisha, nimemwambia hata wewe mwenyewe unakula, hasikii! Mum, nimeshiba mpaka naumwa."

Kijana alikuwa ameinamisha kichwa mpaka kidevu kimegusa tai.

"Mama anisamehe," akasema taratibu. "Kwetu, kijana akitaka binti ya mutu, analisha mama. Yeye mwenyewe hakule. Hamutazame mama mu macho. Nilitaka tu mama afurahi. Mi nitakula kwangu."

Basi vitu vikaanza kujipanga kichwani mwangu, kimoja baada ya kingine, na kila kimoja kilinipiga kofi. Kuketi garini bila kuingia. Kugeukia ua wa jirani. Kaunta badala ya meza, ili tusitazamane. Binti katikati. Nilikuwa nimemhesabia makosa, na yote yalikuwa adabu, adabu kamili, ile ambayo hata wanangu wa kuzaa wameisahau. Mtu alikuwa ananiheshimu kwa sheria yangu mwenyewe, na mimi nilikuwa nimeketi pale naitumia sheria hiyohiyo kumfukuza.

Na kipande cha tatu bado kilikuwa mdomoni.

Fikiria hali yangu. Kumeza mbele yake, sasa ninapojua, ni kumkataa kijana mwenye heshima. Kutema ni kumtukana samaki mzuri mbele ya mzee aliyemkata kwa mikono yake, na hilo muuza samaki halifanyi hata akishikiwa bunduki. Nikajaribu kufikiri, lakini kufikiri na samaki mbichi mdomoni ni vigumu, analainika na anakuita.

Nikainuka. Nikashika mkoba wangu. Nikatembea wima, mashavu yamefura, mpaka nyuma ya kiambaza cha mbao kilichokuwa karibu na mlango wa jikoni. Mhudumu akanifuata mbio na glasi ya maji na mfuko wa karatasi, akidhani nataka kutapika. Nikamwonyesha kwa kiganja asimame. Nikageukia ukuta. Nikatafuna polepole, nikameza.

Na niseme ukweli, kwa sababu uongo sijauzoea: kile cha tatu kilikuwa kitamu. Viwili vya kwanza nilivila kwa hasira, na hasira haina ulimi. Cha tatu nilikila nikiwa mama mkwe.

Nikasimama pale naamua kesi. Vile viwili vya mwanzo je? Nilivila mbele yake, hilo siwezi kulificha. Lakini tulikula pamoja? Hapana. Mimi nilikula, yeye hakula. Mmoja akitafuna na mwingine akitazama ukuta, huko si kula pamoja. Nikajiachilia huru bila dhamana.

Binti akaja anakimbia, mkono tumboni.

"Mum, unaumwa? Nikupime presha?"

"Sina ugonjwa. Niletee kiti hapa."

"Mbona? Si ulisema utakula?"

"Nilisema nitakula kwa sababu nilikuwa nimemkataa."

Akanitazama. Yule ni nesi, anajua kusubiri mgonjwa aseme. "Ulimkataa lini?"

"Tangu Toongabbie. Kabla ya Toongabbie. Tangu siku ile ya pasi."

"Kwa hivyo ukanikumbatia kwenye treni..."

"Wewe ndiye ulinikumbatia."

Macho yakamjaa maji. Hapo nikaona nimekawia. "Sikiliza," nikamwambia, "usilie kabla sijamaliza. Nenda umwambie hivi, na usiongeze neno: mama anasema hawezi kula mbele yako."

Alisimama kidogo tu. Halafu akaelewa, nikaona anavyoelewa kuanzia kwenye macho mpaka kwenye magoti. Akageuka akaenda. Mimi huku nyuma ya kiambaza sikuona kitu, nilisikia tu. Nikasikia sauti ya binti, chini. Kisha kitu kikapiga kaunta, pa! na sauti ya kiume ikalipuka:

"Aksanti Yesu! Aksanti! Aksanti, maman, aksanti!"

Mahali pale palikuwa kimya kama kaburi, sauti ikashuka na ngazi za umeme mpaka chini kwenye mashine. Mhudumu aliniambia baadaye kwamba watu waliacha viti vyao wakaja kutazama. Bibi mmoja wa Kizungu alipanda mpaka juu kabisa kuuliza ni mashine namba ngapi iliyotoa pesa. Askari naye akaja. Kijana akamshika mkono, akamtikisa, akamwambia kwa Kiingereza mama amekataa kula, mama amekataa kula! Askari akaandika kitu kwenye kijitabu chake, sijui aliandika nini.

Mpishi mzee sijui alielezwa nini. Alikuja mwenyewe nyuma ya kiambaza, akaniinamia, akaweka mbele yangu trei nzima. Nikala huko peke yangu, mgongo kwa dunia, kwa raha yangu. Na kule kaunta, kwa mara ya kwanza mchana ule, nikamsikia mtu mwenye njaa anakula. Binti alisema alikuwa anatia viwili viwili.

Kurudi, kijana, ambaye gari alikuwa ameliacha kwake, aling'ang'ania kutusindikiza kwa treni hadi Toongabbie, ingawa kwake Ingleburn ni njia nyingine kabisa. Treni za huku zina ghorofa. Sisi tukakaa chini, yeye akapanda juu, na binti akawa kwenye ngazi.

"Mum, anauliza wazee wake waje lini."

"Wazee gani?"

Akapanda. Akashuka. "Ana mjomba St Marys. Na mchungaji wao."

"Mjomba aje. Mchungaji ataletwa siku ya harusi, asianze kuombea kitu ambacho hatujakubaliana. Mwambie Jumamosi ya mwisho wa mwezi."

Akapanda. Akashuka, anahema. "Anasema aksanti. Anauliza alete nini."

"Hilo aulize mjomba wake, si mimi. Ameanza vizuri, asiharibu."

Akapanda. Nikasikia kicheko juu. Akashuka. "Anauliza kama ile ya kijani ilikuumiza sana."

"Mwambie hayamhusu."

Lakini hakupanda. Aliketi kwenye ngazi, akavua kiatu kimoja, akakishika mkononi. Treni ilikuwa inakaribia Westmead na watu wengine walikuwa wanapita juu yake wakiomba radhi.

"Mum. Tangu mchana natembea katikati yenu. Nimewalia samaki, nimewapelekea habari. Siku imepangwa, wazee wamepangwa, mchungaji amefukuzwa. Kuna mtu ameniuliza mimi kama namtaka?"

Nikafikiri. Kweli, hakuna aliyeuliza. Mimi mwenyewe sikuulizwa, miaka ile, na sikuwahi kuona kama ni kitu kinachokosekana.

"Haya," nikasema. "Unamtaka?"

"Namtaka."

"Basi vaa kiatu, upande ukamwambie. Hiyo ni habari yako, si yangu."

Akavaa. Akapanda, safari hii polepole, na hakushuka tena mpaka Toongabbie.